Duka Likifilisika, Nani Anaulizwa?

Katikati ya mwaka 2017, mtu aliyeingia supamaketi ya Nakumatt kununua unga na mafuta ya kupikia alikuta rafu zimekauka. Alizoea duka linalokesha, lenye kila kitu kuanzia sindano hadi jokofu. Sasa alizunguka na toroli tupu, akatoka kama alivyoingia. Wasambazaji walikuwa wamechoka kupeleka bidhaa zisizolipwa, na wenye majengo walikuwa wakidai malimbikizo ya kodi. Tawi moja likafungwa, likafuata jingine, mpaka wateja wakaacha kuuliza ni lipi lingefuata.

Jina hilo lilitokana na Nakuru Mattresses, duka la magodoro la mjini Nakuru. Kutoka hapo biashara ilikua ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na nembo yake ya tembo ikajulikana hata kwa watoto. Mwaka 2014 iliyachukua maduka ya kampuni ya Shoprite nchini Tanzania. Miaka minne baadaye, Januari 2018, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliiweka chini ya msimamizi, mhasibu Peter Kahi, ikiwa na madeni yaliyozidi shilingi bilioni 30 za Kenya. Kahi alijaribu kwa miaka miwili kumfufua tembo huyo. Tarehe 7 Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ivunjwe. Matawi sita yaliyokuwa bado na uhai yaliuzwa kwa supamaketi za Naivas kwa shilingi milioni 422.

Weka kiasi hicho kando ya deni. Hazifiki shilingi 2 kwa kila shilingi 100 zilizokuwa zikidaiwa.

Nyuma ya hesabu hiyo kulikuwa na watu. Biashara ya supamaketi huendeshwa kwa mali kauli: msambazaji anapeleka maziwa, mayai, mkate au sabuni leo, na kulipwa baada ya wiki au miezi. Duka kubwa likianguka, msambazaji mdogo aliyekopa benki ili atimize oda hubaki na deni la benki mkononi na ahadi ya duka hewani. Mfanyakazi wa kaunta ya malipo hubaki na mishahara ambayo haikuingia. Wote hawa huuliza swali moja: waliokuwa wakiendesha kampuni walijua lini kwamba haitaweza kulipa, na baada ya kujua walifanya nini?

Swali hilo ndilo moyo wa sheria za ufilisi. Majibu yake ndiyo yanayomtenganisha mfanyabiashara aliyepatwa na bahati mbaya na yule aliyechezea jasho la wenzake.

Kufilisika si wizi

Neno kufilisika limetujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile lile la fulusi, yaani sarafu ndogo za shaba. Muflisi ni mtu ambaye dhahabu na fedha zake zimemtoka. Neno lenyewe halimwiti mwizi. Qur'ani, katika sura ya Al-Baqara, inamtaka mdai ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki, na inahesabu kusamehe deni kuwa jambo la kheri zaidi.

Sheria za watu hazikuwa na huruma hiyo kila wakati. London palikuwa na gereza la Marshalsea, ambako mdaiwa aliwekwa mpaka jamaa zake walipe. Mwaka 1824 alifungwa humo baba wa mwandishi Charles Dickens, na mwaka huo huo kijana huyo wa miaka 12 alifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu. Kumfunga mdaiwa hakumwezeshi kulipa. Kunamzuia tu kuchuma. Uingereza ilitambua hilo, na mwaka 1869 ikaondoa sehemu kubwa ya vifungo vya madeni.

Kenya bado ina kifungo cha madai. Mdai aliyeshinda kesi anaweza kuiomba mahakama imfunge mdaiwa kwa muda usiozidi miezi 6, na mdai mwenyewe ndiye anayegharimia chakula cha mfungwa. Baadhi ya majaji wameona kifungo hiki kinagongana na mikataba ya haki za binadamu ambayo Kenya imeridhia; wengine wamekihifadhi kwa ajili ya yule mwenye uwezo wa kulipa lakini hataki. Mgawanyo huo una maana. Asiyeweza na asiyetaka ni watu wawili, na sheria njema lazima iwatofautishe.

Mtu mmoja na madeni yake

Kwa miongo mingi Kenya ilitumia sheria ya ufilisi iliyotungwa enzi za ukoloni. Aliyetangazwa muflisi angeweza kubaki hivyo maisha yake yote, maana kuondolewa jina hilo kulihitaji arudi mahakamani, mahali ambapo mtu asiye na senti haendi kwa urahisi. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ilibadilisha mambo. Sasa muflisi huachiwa moja kwa moja baada ya miaka 3 tangu alipowasilisha taarifa ya mali na madeni yake, isipokuwa pawe na pingamizi.

Kuna njia nyepesi zaidi. Mtu asiye na mali yoyote ya kuuzwa, ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na 400,000, na ambaye hajawahi kufilisika, anaweza kuomba utaratibu maalumu kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayeshughulikia ufilisi. Akikubaliwa, wadai hawaruhusiwi kumwandama, na baada ya miezi 12 madeni hayo hufutwa. Mwenye kipato kidogo lakini cha uhakika anaweza kuomba amri ya kulipa kwa awamu. Mwenye madeni makubwa anaweza kukubaliana na wadai wake juu ya mpango wa malipo unaosimamiwa na mtaalamu mwenye leseni.

Hata anayefilisiwa havuliwi nguo. Vifaa vyake vya kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani haviendi mnadani, kwa sababu fundi asiye na cherehani hawezi kuinuka tena. Lakini ufilisi una bei yake. Katiba ya Kenya inamzuia muflisi ambaye hajaachiwa kuchaguliwa kuwa mbunge. Haruhusiwi kuendesha kampuni bila idhini. Na yapo madeni ambayo hayafutwi kamwe: lile lililopatikana kwa ulaghai, na matunzo ya familia ambayo mahakama imeamuru.

Njia hizi zipo, lakini wanaozijua ni wachache. Mtu mwenye mikopo mitano ya simu, mkopo wa chama cha akiba na kukopa, na karo ya shule, mara nyingi hukopa wa sita ili alipe wa kwanza. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na ni kweli. Lakini kukopa ili kulipa ni kuhamisha ugonjwa kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Aliyefika hapo amepita wakati wa kujificha, na ni bora aende kwa Mpokeaji Rasmi kabla dalali hajabisha hodi.

Nchini Tanzania, watu wengi wanaijua RITA kwa vyeti vya kuzaliwa. Wachache hukumbuka kwamba kirefu chake ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Neno la katikati limesimama pale mlangoni, na watu hupita wakienda dirisha la vyeti.

Ukuta kati ya mwenye duka na duka

Kampuni ni jambo jingine. Kisheria kampuni ni mtu. Ina jina, ina mali, inaweza kushtaki na kushtakiwa, na madeni yake ni yake yenyewe. Msingi huo uliwekwa imara na kesi ya Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa mashariki mwa London. Mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni, akamiliki hisa 20,001 kati ya 20,007. Sita zilizobaki zilikuwa za mke na watoto wake. Biashara ikaanguka. Wadai wakasema kampuni na Salomon ni kitu kimoja, basi alipe kutoka mfukoni. Majaji wa ngazi ya juu kabisa wakakataa: kampuni ni mtu mmoja na Salomon ni mwingine.

Ukuta huo ndio unaowapa watu ujasiri wa kuwekeza. Mtu anaweka hisa zake, biashara ikifa anazipoteza, lakini nyumba yake na shamba la urithi havichukuliwi. Mahali ambapo ukuta hubomolewa bila watu kutambua ni benki: mkurugenzi wa kampuni ndogo anapotia sahihi dhamana binafsi kwa ajili ya mkopo, amefungua mlango katika ukuta huo kwa mkono wake mwenyewe. Wengi husaini bila kusoma, wakaja kushtuka gazetini wanapoona kiwanja chao kimetangazwa kupigwa mnada.

Kampuni ikishindwa kulipa, sheria ya Kenya ina milango miwili mikubwa. Wa kwanza ni usimamizi, ule uliotumika Nakumatt. Msimamizi huchukua usukani kutoka kwa wakurugenzi, na wadai huzuiwa kushtaki au kuchukua mali wakati yeye anatafuta namna ya kuiokoa biashara. Muda wa kawaida ni miezi 12, nao unaweza kuongezwa. Mlango wa pili ni kuvunjwa: mfilisi anakusanya kila kilichopo, anakiuza, anagawa, kisha kampuni inafutwa. Mdai anayedai shilingi 100,000 au zaidi anaweza kutoa ilani ya maandishi, na isipolipwa ndani ya siku 21, sheria inaichukulia kampuni kuwa imeshindwa.

Katika kugawa kuna foleni, na wenye hasira wengi ni wale wasioijua foleni hiyo. Benki iliyopewa jengo au gari kama dhamana huchukua kilicho chake. Hulipwa gharama za ufilisi wenyewe. Kisha hufuata wafanyakazi, kwa mishahara ya miezi 4 ya mwisho, lakini kwa kila mmoja isizidi shilingi 200,000. Mamlaka ya kodi nayo ina nafasi yake mbele. Msambazaji wa mayai yuko nyuma, pamoja na wote waliotoa mali kauli bila dhamana. Wanahisa ni wa mwisho, na kwa kawaida hufika mezani vyombo vikiwa vimeoshwa.

Pauni moja ya BHS

Mfano mzuri wa jinsi wakurugenzi wanavyoulizwa unatoka Uingereza, na haujaletwa hapa kwa kupenda vya nje. Sehemu kubwa ya sheria ya Kenya kuhusu kampuni zilizoshindwa imefuata kwa karibu Sheria ya Ufilisi ya Uingereza ya mwaka 1986. Kilichotokea huko kinaonyesha kalamu ile ile inaweza kuandika nini ikishikwa na mkono usiotetereka.

BHS ilikuwa mtandao wa maduka ya nguo na vyombo vya nyumbani ulioanzishwa mwaka 1928 huko Brixton, London. Machi 2015 tajiri Philip Green aliiuza kampuni hiyo kwa pauni 1. Mnunuzi alikuwa kampuni iliyoongozwa na Dominic Chappell, mtu ambaye hakuwa na uzoefu wa maduka na aliyekwisha kufilisika huko nyuma. Aprili 2016, miezi 13 tu baadaye, BHS ilianguka. Watu wapatao 11,000 walipoteza kazi, na mfuko wa pensheni ukakutwa na pengo la pauni milioni 571.

Hapo ndipo maswali yalipoanza, na hayakukoma kwa miaka minane. Mwaka 2017 Green alikubali kulipa pauni milioni 363 kuziba pengo la pensheni. Mwaka 2019 Chappell alifungiwa kuwa mkurugenzi wa kampuni kwa miaka 10. Mwaka 2020 alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa kukwepa kodi. Kisha Juni 2024 Mahakama Kuu ikatoa hukumu juu ya jambo lenye uzito kuliko yote: kuendesha biashara isiyokuwa na matumaini.

Wafilisi walimpa jaji tarehe kadhaa, kuanzia Aprili 2015, wakidai kuwa kila mojawapo ni siku ambayo wakurugenzi walijua au walipaswa kujua kwamba hakuna njia ya kuepuka kuanguka. Jaji alizipima moja baada ya moja: barua pepe, mihtasari ya vikao, hesabu za fedha taslimu. Kwa kosa hilo alizikataa zile za mwanzo. Akasimama tarehe 8 Septemba 2015. Kuanzia siku hiyo, alisema, wajibu wao ulikuwa kuwalinda wadai, lakini waliendelea kukopa kwa masharti magumu. Wakurugenzi wawili waliokaa na Chappell kwenye bodi waliamriwa kulipa zaidi ya pauni milioni 18. Agosti 2024, Chappell akaamriwa kulipa pauni milioni 50.

Hukumu hiyo haikusema kwamba kila anayeshindwa ni mkosaji. Jaji hakuwahukumu kwa kununua kampuni dhaifu, wala kwa kujaribu kuiokoa. Aliwahukumu kwa walichofanya baada ya kujua. Na hakukubali kisingizio kwamba wao walikuwa wajumbe tu, mwenye neno alikuwa Chappell. Anayekaa kwenye kiti cha bodi anabeba mzigo wa kiti hicho, hata kama alikalia kwa kumridhisha rafiki.

Nchini Uingereza, kila kampuni inapofilisika, msimamizi au mfilisi lazima apeleke ripoti juu ya mwenendo wa wakurugenzi ndani ya miezi 3. Serikali ikiona kasoro, inaweza kuomba mkurugenzi afungiwe kwa miaka 2 hadi 15. Majina ya waliofungiwa yamewekwa mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuyatafuta bila malipo. Baada ya janga la korona, iligundulika kuwa baadhi ya watu walichukua mikopo ya dharura ya hadi pauni 50,000 kisha wakaifuta kampuni kimyakimya ili mfilisi asije. Mwaka 2021 Bunge likaziba tundu hilo: sasa wakurugenzi wa kampuni iliyofutwa nao huchunguzwa, hata kama haikuwahi kufilisiwa rasmi.

Meno yapo

Kenya ina meno hayo hayo. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaruhusu mahakama kumwamuru mkurugenzi achangie mali ya kampuni kama aliiendesha kwa ulaghai, au aliendelea na biashara wakati alijua au alipaswa kujua kwamba haina njia ya kuepuka ufilisi. Sheria ya Kampuni ya mwaka huo huo inaruhusu mkurugenzi asiyefaa kufungiwa hadi miaka 15. Kuendesha kampuni kwa nia ya kuwalaghai wadai ni jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10.

Sheria hiyo ya Ufilisi ni changa kuliko ile ya Uingereza kwa miaka 29, na umri huo unaonekana. Mkenya wa kawaida anaweza kutaja kampuni kadhaa zilizoanguka machoni pake: Nakumatt, kisha Tuskys, kiwanda cha sukari cha Mumias, ARM Cement. Anaweza pia kukumbuka Oktoba 2015, Benki Kuu ilipoifunga Imperial Bank baada ya kifo cha mkurugenzi mkuu wake na kufichuka kwa udanganyifu wa mabilioni ya shilingi za wenye amana. Mwulize ataje mkurugenzi mmoja aliyefungiwa, naye atanyamaza.

Kuanguka kwa kampuni hakuthibitishi kosa la yeyote, na ndiyo maana uchunguzi unahitajika kila mara. Uchunguzi humsafisha mwadilifu kama unavyomfichua mlaghai. Pasipo uchunguzi wote wawili hutembea na jina moja mtaani, na mwadilifu ndiye anayeumia zaidi, maana mlaghai ameshasajili kampuni nyingine.

Kuna mambo ambayo msomaji anaweza kuyafanya bila kungoja serikali. Msambazaji anayeombwa bidhaa kwa mkopo na kampuni asiyoijua aombe kwanza fomu ya CR12 kupitia eCitizen; itamwonyesha wakurugenzi ni akina nani, na anaweza kuuliza walikotoka. Malipo yakianza kuchelewa, oda mpya isimame mpaka za zamani zilipwe. Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi, apeleke madai yake kwa maandishi pamoja na ankara na hati za kupokea mzigo, na ahudhurie mkutano wa wadai, kwa sababu huko ndiko kura hupigwa na asiyefika huamuliwa na wengine.

Mkurugenzi naye, hata wa kampuni ya watu wawili, atunze mihtasari ya vikao na hesabu za kila mwezi. Siku atakapoona fedha hazitatosha, amwite mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni siku hiyo hiyo, aache kupokea mali kauli, na asimlipe ndugu yake kabla ya wengine. Mahakama ikija kutafuta tarehe aliyojua, karatasi hizo ndizo zitakazomtetea.

Na kwa Mpokeaji Rasmi na Mwanasheria Mkuu wa Kenya kuna ombi moja, la wafanyakazi wasiolipwa na wasambazaji waliopoteza mitaji: kila kampuni kubwa inapovunjwa, ripoti kuhusu mwenendo wa wakurugenzi wake itangazwe, iwe inawasafisha au inawatia hatiani, na orodha ya waliofungiwa iwekwe wazi mahali ambapo muuza mayai wa Nakuru anaweza kuisoma kwenye simu yake kabla hajapakia trei ya kwanza.